Tunanunua vihisi, tunasahau daftari

Tuchukue mji wenye mita za maji 50,000 zilizounganishwa na mtandao, kila mita ikituma usomaji wake kila baada ya dakika 15. Mita moja inasoma mara 96 kwa siku, mji mzima mara milioni 4.8, na mwaka ukiisha zimepita bilioni 1.75. Namba hizi zikionyeshwa ukutani kwenye ukumbi wowote wa mikutano pale Mtumba, mji wa serikali wa Dodoma, wahasibu huguna, na kabla miguno haijaisha anayeuza mfumo ameshafika kwenye picha ya seva na bei yake.

Kabla ya kufika kwenye bei, piga hesabu nyingine. Usomaji mmoja wa mita ni vitu viwili tu: saa na kipimo. Vyote viwili vinakaa kwenye baiti 16, yaani nafasi ya herufi 16 hivi. Zidisha kwa usomaji wa mwaka mzima, unapata gigabaiti 28. Hizo zinaingia kwenye memori kadi ya simu, na nafasi ya picha za harusi inabaki. Tena data za namna hii hubanika vizuri sana, kwa sababu usomaji wa sasa hufanana na uliopita na unaweza kuhifadhi tofauti peke yake. Mwaka 2015 wahandisi wa Facebook walieleza jinsi walivyobana vipimo vya mitambo yao kutoka baiti 16 hadi wastani wa 1.37. Hata kama mita za maji zisingefika huko, picha inaeleweka: vipimo vya mji mzima ni vidogo.

Kinachovimbisha data ni mapambo. Mita inatuma ujumbe wa maandishi, na kila ujumbe unabeba jina la kifaa, jina la mtengenezaji, toleo la programu, jina la kata, na mabano kibao, baiti 300 kwa ajili ya namba moja. Hapo gigabaiti 28 zinageuka 525, na kifurushi cha intaneti kinalipia maneno yaleyale mara 96 kwa siku. Waliotutangulia walilijua hili. MQTT, utaratibu ambao vifaa vingi hutumia leo kutumiana ujumbe, ulibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyofuatiliwa kwa setilaiti, ambako kila baiti ilikuwa na gharama yake. Sisi tuna laini za simu na sola ndogo juu ya nguzo, yaani hali yetu iko karibu zaidi na bomba lile la mafuta kuliko ofisi ya California, lakini mifumo tunayouziwa imeandikwa na watu waliozoea intaneti isiyopimwa.

Hoja yangu basi ni hii. Data za vihisi, yaani vifaa vya kupima ambavyo mafundi wanafunga kwenye visima, mabomba, maghala na mabasi, hazitatushinda kwa wingi wake. Zitatushinda kwa kukosa maelezo. Baada ya miaka mitano tutakuwa na mabilioni ya namba na hakuna atakayejua namba fulani ilipimwa kutoka wapi, kwa kifaa gani, na kama kifaa chenyewe kilikuwa kizima, kwa sababu fundi aliyekifunga amehamia Mbeya.

Ushahidi wa kinyume tunao hapahapa, kaskazini mwa mji wa Dodoma. Bonde la Makutupora ndilo lenye visima vya Mzakwe, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa tegemeo kuu la maji ya Dodoma. Kina cha maji katika bonde lile kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu hizo za miaka 55, kuanzia 1955 hadi 2010. Matokeo yake yanapaswa kujulikana na kila anayefungua bomba Area C: maji ya chini ya ardhi ya Makutupora hayajazwi kila mwaka. Yanashuka taratibu kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha inakuja misimu michache yenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, nayo ndiyo inayorudisha akiba. Mvua hizo huendana na El Niño, na msimu wa 1997/98, ule ambao wengi tunaukumbuka kwa madaraja na barabara zilizobebwa na mafuriko, ndio uliojaza bonde kuliko wowote katika kumbukumbu hizo.

Ona ukubwa wa data hiyo. Mtu akipima kisima mara moja kila mwezi bila kukosa, miaka 55 inampa namba 660. Mita moja tu ya mji wetu wa mfano inazipita namba hizo ndani ya wiki moja. Na bado sijui mfumo wowote wa kisasa hapa nchini ambao umetufundisha jambo zito kuhusu Dodoma kuliko yale majedwali. Uzito wake ulitoka kwenye uaminifu wa kazi: kisima kinachojulikana, tarehe, kipimo, tena na tena, kupita wakoloni, uhuru, uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, na mabadiliko ya wizara nisizoweza kuzihesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa upande huu Makutupora ilikuwa na daftari.

Siandiki haya kuwabeza wenye vihisi. Watafiti walipofunga baadaye vifaa vinavyosoma kila saa katika bonde lilelile, walionyesha kitu ambacho kipimo cha kila mwezi kisingeweza kukionyesha: sehemu kubwa ya maji yanayoingia ardhini hupenya kupitia mchanga wa vijito vya msimu, vile vinavyotiririka siku chache tu za mwaka. Hilo lina maana kubwa kwa anayetaka kujenga, kuchota mchanga au kuzuia kijito. Kihisi kinapojibu swali lililoulizwa, hakuna kinachokishinda.

Lakini kihisi kina tabia zake, na mtu asiyezijua anapotea huku akiwa na grafu nzuri mkononi. Kile kinachoning'inizwa ndani ya kisima, kwa mfano, hakipimi maji moja kwa moja. Kinapima mgandamizo wa kila kitu kilicho juu yake: maji, na juu ya maji, hewa. Katika nchi za tropiki mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Huwa juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini mnamo saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti ni ya hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) chache, na hektopaskali moja ni karibu sawa na sentimita moja ya maji. Kwa hiyo kisima kilichotulia kabisa kitaonyesha kwenye kompyuta kwamba maji yanapanda na kushuka sentimita kadhaa, mara mbili kila siku, bila kuchoka. Mpe grafu hiyo mtu wa ofisini asiye na habari, atakueleza kuwa ni pampu za jirani, au ni watu wanavyochota asubuhi na jioni, na maelezo yake yatanoga. Dawa yake ni rahisi: unafunga kifaa kingine juu ya ardhi kinachopima hewa peke yake, unatoa kimoja kwenye kingine. Sharti pawe na mahali palipoandikwa kwamba kifaa hiki cha hewa ni cha visima hivi, na kwamba tarehe fulani kilikufa kikabadilishwa.

Kisha yupo fundi. Anakuja kubadilisha betri. Anavuta kebo, anafuta tope, anabadilisha, anarudisha, anafunga kebo kwenye mfuniko. Safari hii amefunga mahali tofauti na mwanzo, kihisi kimebaki nusu mita juu ya pale kilipokuwa. Tangu dakika ile seva inapokea taarifa kwamba maji yameshuka nusu mita. Hakuna kengele inayolia, kwa kuwa kompyuta haioni kosa lolote: namba zinafika kwa wakati, ziko ndani ya mipaka. Miaka kumi baadaye mwanafunzi wa uzamili pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) atazipakua, ataona maji yalishuka ghafla, atakumbuka kwamba ni kipindi kilekile watu walipokuwa wakihamia Dodoma kwa wingi, na atapata maelezo yanayoingia akilini kabisa. Atapewa hata alama nzuri. Mstari mmoja wa fundi, “leo nimebadilisha betri, kebo sasa ni mita 41.5 kutoka ukingo wa bomba”, ungeokoa tasnifu nzima. Mstari huo hauandikwi kwa sababu mfumo ulionunuliwa hauna mahali pa kuuandika, na mkataba haumlipi mtu kuuandika.

Mvua nayo ina mtego wake, na kwa Dodoma mtego huu ni mbaya kuliko kwingine. Kipimamvua cha kujiendesha kina kijiko cha pande mbili ambacho hupinduka kila kinapojaa, mara nyingi kwa kila milimita 0.2 ya mvua, na kila kikipinduka kinahesabu. Buibui akitega utando kwenye faneli, au vumbi na kinyesi cha ndege vikiziba tundu, kijiko hakipinduki tena. Kifaa kinaendelea kutuma sifuri. Kule Bukoba sifuri za wiki mbili zingemshtua mtu. Hapa kwetu mvua ni ya Desemba hadi Aprili, na kuanzia Mei hadi Novemba sifuri ndiyo jibu sahihi karibu kila siku. Kifaa kinaweza kuziba mwezi wa sita na kisijulikane hadi Januari, wakati wakulima wa Bahi wameshapanda, na kompyuta ya mkoani bado inasema hakuna tone.

Sifuri ya kweli na sifuri ya kuziba zinafanana sura. Kuzitofautisha kunahitaji vitu vya kawaida tu: kulinganisha na vituo vya jirani, kumwaga maji ya kipimo kwenye faneli kabla ya msimu, na kuzuia mfumo usijaze sifuri mahali ambapo hakuna taarifa. Hili la mwisho linaonekana dogo na ndilo linaloharibu zaidi. Nimeona majedwali ambayo kila pengo limejazwa sifuri na programu iliyotaka wastani utoke. Upande mwingine kuna desturi ya zamani ya wanahali ya hewa ya kuandika -9999 mahali pasipo na kipimo, na kuna wakati mtu asiyeijua desturi hiyo ameichanganya kwenye wastani, ikatoka mvua hasi. Mvua hasi angalau inachekesha na inagundulika, tofauti na sifuri, ambayo hupita bila kugunduliwa.

Linalofuata ni saa. Kila usomaji una saa mbili, ile ambayo kifaa kilipima na ile ambayo ujumbe ulifika. Mtandao ukiwa mzuri hupishana kwa sekunde. Mnara wa simu ukizimika siku mbili huko Chemba, kifaa kizuri kinahifadhi vipimo vyake na kuvituma vyote kwa mkupuo mtandao unaporudi. Mfumo unaofuata saa ya kufika utaonyesha siku mbili za ukimya na kisha mafuriko ya dakika tano. Betri ikiisha kabisa, vifaa vingi vikiwaka tena huanza kuhesabu kutoka Januari 1, 1970, ambayo kwa saa zetu huonekana kama saa tisa usiku, kwa kuwa kompyuta huhesabu kwa saa za Greenwich na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa hizo tatu huzaa ugomvi mwingine. Msomaji wa kituo cha hali ya hewa anasoma mvua saa tatu asubuhi, kwa hiyo “siku” yake inaanzia saa tatu hadi saa tatu. Mfumo wa vihisi unakata siku saa sita usiku, au saa tisa usiku ikiwa mtengenezaji hakurekebisha. Mvua moja ya usiku wa manane inaandikwa tarehe mbili tofauti, na watu wawili waaminifu wanabishana ofisini, kila mmoja akiwa na karatasi yake.

Anayedhani mambo ya saa ni ya wataalamu peke yao akumbuke mwaka 2024, tulipotakiwa kuingiza tokeni za ziada kwenye mita za LUKU kabla ya umeme tulionunua kukubali. Chanzo chake kilikuwa hesabu. Kwenye kiwango cha kimataifa ambacho mita hizo hufuata, kila tokeni hubeba muda ilipotolewa, kwa dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri au moja. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216. Zikaisha Novemba 24, 2024. Uamuzi wa watu wachache kuhusu biti ngapi zinatosha ulikaa kimya kwa karibu miaka 32, kisha ukagonga hodi nyumba kwa nyumba, katika nchi nyingi kwa pamoja. Na mita za LUKU nyingi hazijaunganishwa hata na mtandao. Vihisi tunavyofunga leo vina maamuzi ya namna hiyo ndani yake, na sijawahi kuona zabuni inayoyauliza.

Sasa, kuna watu ninaowaheshimu wanaosema tuhifadhi kila kitu, diski ni rahisi, akili mnemba itakuja kuchambua. Naielewa hamu hiyo, lakini inachanganya mambo mawili. Ipo data ambayo haiwezi kupimwa tena, kama kina cha maji cha Jumanne iliyopita, na ipo data ambayo ni kelele ya mashine. Kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, migongano ya chembe hufikia takriban bilioni moja kwa sekunde, na vifaa vyenyewe huamua papo hapo kutupa karibu yote na kubaki na sehemu ndogo mno. Wale hawakosi fedha za diski. Wameketi na kuamua kwanza wanatafuta nini.

Kasi ya kupima inapaswa kufuata kasi ya kinachopimwa. Bwawa la Mtera, ambalo kina chake husomwa kwa mita kutoka usawa wa bahari, 690 ukiwa ukomo wa chini na 698.5 likiwa limejaa, haligeuki kwa sekunde. Namba moja ya asubuhi inamtosha anayepanga umeme wa wiki. Mtetemo wa mtambo uleule unaozalisha umeme pale unahitaji maelfu ya vipimo kwa sekunde ili ugonjwa wa beringi uonekane mapema, lakini hakuna haja ya kuvisafirisha vyote. Kifaa kivisome, kijumlishe, kitume muhtasari, na kikiona jambo geni kitume kipande chote cha dakika hiyo.

Mfano ulio wazi zaidi ni mabasi. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na mabasi ya mikoani yanabeba vifaa vya VTS, yaani vya kufuatilia magari, vinavyoripoti mwendo na mahali kwa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Kwa mwendo huo basi hukata mita 22 kila sekunde. Kifaa kikichukua nukta moja kwa dakika, kati ya nukta na nukta kuna zaidi ya kilomita moja. Dereva anayeijua barabara kati ya Kibaigwa na Gairo anaweza kufanya mengi ndani ya kilomita hiyo, na nukta zote mbili zikatoka safi. Unaweza kuamuru kila basi nchini litume nukta kila sekunde, ukazidisha data mara 60 na kumtajirisha mwenye laini. Au unakiambia kifaa kilicho ndani ya basi kisome kila sekunde, kibaki na mwendo wa juu kabisa wa dakika hiyo, na kutuma huo pamoja na mahali ulipotokea. Namba zinaongezeka kidogo tu, na ujanja wa dereva unaisha.

Kuhifadhi kila kitu kuna sura nyingine ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Mita ya maji inayosoma kila robo saa inajua familia inaamka saa ngapi, lini nyumba ilikuwa tupu, lini kuna wageni. Ankara inahitaji namba moja kwa mwezi. Kutafuta uvujaji kunahitaji mtiririko wa usiku, kuanzia saa saba hadi saa kumi hivi, wakati karibu kila mtu amelala na maji yanayopita ni ya kupotea. Baada ya hapo, kuendelea kuweka robo saa za kila nyumba kwa miaka kumi ni kukaa na siri za watu bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa awe na kusudi linaloeleweka, na ipo Tume ya kuisimamia. Ningependa kuona Tume hiyo ikiuliza kuhusu mita kwa ukali uleule inaoweza kuuliza kuhusu mikopo ya simu. Kwa data za nyumba za watu, muda mfupi kwa usomaji wa kila robo saa na muhtasari kwa muda mrefu. Kwa visima vya umma, kinyume chake: usomaji ghafi usifutwe kabisa, hata ule unaoonekana mbovu, kwa sababu ubovu huo siku moja utakuja kuelezwa na mstari wa fundi.

Mahali pa kuyabana haya yote ni kwenye mkataba, na mikataba yetu inafuata mkondo mmoja. Inataja idadi ya vifaa, dhamana ya mwaka mmoja au miwili, mafunzo ya siku chache kwenye hoteli, na dashibodi, yaani ukurasa wa kuonyesha vipimo na grafu. Dashibodi inakaa kwenye seva ya muuzaji. Mradi wa wafadhili ukiisha na ada ya mwaka isipolipwa, dashibodi inafungwa, na historia yote inabaki upande wa pili wa neno la siri. Kuna taasisi ninayoifahamu iliyobakiwa na picha za skrini kama kumbukumbu ya misimu mitatu ya vipimo. Kifungu cha kuzuia hili ni kifupi: usomaji wote ghafi uletwe kwa mnunuzi kila mwezi katika jedwali la kawaida linalofunguka bila programu ya muuzaji, likiwa na saa ya kupima, kipimo, uniti, namba ya kifaa, na historia ya kila mguso wa fundi. Muuzaji anayekataa kifungu hicho ameshajibu swali la nani mwenye data.

Njia ya kumpima muuzaji kabla ya kusaini ni kumpa kisima kimoja na tarehe moja ya mwaka jana kutoka kwa mteja wake mwingine, umwombe aseme kina kilikuwa mita ngapi, kilipimwa kutoka wapi, na nani alikigusa kifaa kwa mara ya mwisho kabla ya siku hiyo. Nusu saa inatosha. Akianza kukuonyesha rangi za ramani, mshukuru kwa muda wake.

Baada ya mkataba anabaki mtu. Kwenye miundo ya taasisi nyingi za maji na kilimo kuna nafasi ya afisa TEHAMA, ambaye siku yake inaisha kwa printa na barua pepe za wakubwa, na kuna nafasi ya fundi wa mitambo, ambaye pikipiki yake haina mafuta. Kati yao hakuna mtu ambaye kazi yake ni kufungua vipimo vya jana kila asubuhi, kuuliza kwa nini kituo cha Hombolo kinasoma sifuri wakati cha jirani kinasoma 12, kumpigia fundi, na kuandika jibu. UDOM inatoa vijana wa takwimu na kompyuta kila mwaka, wengine wanaishia kuuza vocha Nkuhungu wakisubiri ajira. Mshahara wa kijana mmoja wa namna hiyo kwa mwaka mzima, pamoja na mafuta ya pikipiki ya fundi, ni fedha ndogo kando ya seva iliyooneshwa ukutani. Kwenye vitabu vya bajeti seva ina kifungu chake tayari. Nafasi ya kijana huyu inabidi iombewe kibali upya, na maombi ya bajeti ya mwaka ujao wa fedha huandaliwa miezi mingi kabla ya Julai.